Tulimwandalia mbwa kila kitu, paka hatukumuuliza

Siku ya pili usiku, saa saba na ushee, nilikuwa nimesimama juu ya stuli chumbani, mkono mmoja nimeng'ang'ania kabati nisianguke, mwingine nimeshika kisahani cha chakula namnyooshea paka aliyejibana huko juu kati ya sanduku la nguo za zamani na dari, na yeye ananitazama kama mtu aliyenikopesha hela halafu mi nikabadili namba ya simu. Hakula. Hata kunusa hakunusa. Chumba cha pili, nyuma ya mlango uliofungwa, mbwa analia ule mlio mwembamba kama filimbi iliyopasuka, na mume wangu kitandani kajifunika shuka mpaka kichwani anauliza kwa sauti ya chini, "Mama watoto, hivi tulikuwa na shida gani?"

Hatukuwa na shida yoyote, hilo ndo tatizo. Tulikuwa na watoto wawili, paka mmoja na nyumba iliyotulia. Paka anaitwa Shangazi, ana miaka tisa, jina alipewa na binti yangu mkubwa akiwa bado mdogo kwa sababu alikuwa anakaa kwenye kochi kakunja mikono anatukagua kila anayeingia na kutoka, huyu viatu vichafu, huyu kachelewa, huyu sauti kubwa. Miaka tisa nyumba ni yake, sisi tunaishi humo kwa hisani yake tu.

Sasa tukaenda kituo cha kuokoa mbwa "kuangalia tu". Jamani, hakuna mtu aliyewahi kwenda kuangalia tu.

Alikuwa mbwa mzima, daktari baadae alikuja kumkadiria miaka mitatu au minne kwa kuangalia meno, rangi ya mchanga, sikio moja limekatika ncha, na shingoni kuzunguka pote ana mduara usio na manyoya mahali kamba ilipomkaa muda mrefu mpaka ngozi ikawa ngumu kama kisigino. Wenzake wote walikuwa wanabweka wanarukia wavu, yeye alikuja taratibu akaegemeza ubavu wake wote kwenye ule wavu akasimama hivyo hivyo, haangalii mtu. Kitindamimba wangu akaweka kiganja upande wa pili. Hapo mimi na baba yao tukaangaliana tukajua biashara imeisha.

Nikauliza swali moja tu la maana siku ile: vipi na paka? Nikajibiwa, hana shida na paka.

Naomba nikae hapa kidogo kwenye hii sentensi maana imenitesa. "Hana shida na paka" inaweza kumaanisha ameshaishi na paka nyumba moja wakaelewana, au inaweza kumaanisha siku moja alipitishwa mbele ya paka akiwa kwenye kamba wala hakufanya fujo, au, kama ilivyokuwa kwetu ila tulikuja kujua mambo yameshaharibika, inamaanisha hapo kituoni hakuna paka kwa hiyo shida haijapata nafasi ya kutokea. Siwalaumu sana, wana mbwa wengi na watu wachache, ila ningejua ningeomba nimwone yeye na paka kwa macho yangu, yeye akiwa kwenye kamba na paka akiwa mbali na ana pa kukimbilia. Na cha kutazama pale siyo kama anamwangalia paka, kila mbwa atamwangalia paka. Cha kutazama ni kama anaweza kuacha. Mbwa anayeangalia, halafu akiitwa anageuka, ananusa chini, anakurudia wewe usoni, huyo unaweza kufanya naye kazi. Mbwa anayeganda, mdomo unafunga ghafla, shingo mbele, mwili mgumu kama ubao, unamwita hasikii, unampitishia kipande cha nyama puani hakioni, huyo kwenye nyumba yenye paka ni habari nyingine kabisa, na bora uambiwe kabla hujalipia kola.

Basi, maandalizi. Tulinunua kitanda cha mbwa, mabakuli, kamba mbili, midoli ambayo mpaka leo hajui ni ya nini. Watoto walichora bango la karibu. Kwa Shangazi tuliandaa nini? Hakuna. Nilichomwandalia Shangazi ni imani yangu kwamba atazoea.

Alivyoingia ilikuwa hivi. Mlango ukafunguliwa, watoto wanapiga kelele "karibu karibu", mbwa kamba imelegea mkononi mwa mume wangu, Shangazi yuko kwenye kochi lake hana habari. Wakaonana. Kama sekunde mbili hakuna kilichotokea, na mi nikajidanganya kwamba ndo imeisha, kumbe zile sekunde mbili ndo kuganda kwenyewe. Kilichofuata nakumbuka vipande vipande, kamba ikimponyoka baba watoto, chupa ya maji ikidondoka, pazia na fimbo yake vikishuka na paka akiwa juu yake, mbwa akipiga yowe moja kali sana, halafu kimya. Paka keshafika juu ya kabati chumbani kwetu na mbwa yuko chini ya meza anatetemeka, puani ana mstari mwembamba wa damu. Kitindamimba naye alipata mkwaruzo mkononi maana alijaribu kuamua ugomvi, tukamsafisha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima huku analalamika imetosha, na kesho yake asubuhi tukampeleka hospitali aangaliwe. Kwenye kichaa cha mbwa mi sina mzaha, ule ugonjwa dalili zikishaanza kwa mtu karibu haponi, na mkwaruzo wa paka unahesabika kama wa mbwa, hata kama paka wako ana chanjo na mtoto anakuona unazidisha.

Mama yangu nilimpigia simu kulia shida. Akanisikiliza weee akamaliza kwa methali, "Mwanangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Nikamwambia mama, huyu mgeni leo siku ya pili na usingizi wenyewe bado hajalala. Na kweli alikuwa hajalala, alikuwa anasinzia kasimama, kichwa kinashuka shuka halafu anashtuka. Jina likatoka hapo. Tulikuwa tumewakataza watoto wasimpe jina mpaka tuwe na uhakika anabaki, wakawa wanamwita "mgeni", mgeni kala, mgeni kakojoa kwenye zulia, ikapita wiki mbwa akawa anaitika. Mgeni.

Watu wa uokoaji wa mbwa wana kanuni yao ya tatu tatu tatu: siku 3 za kwanza mbwa yuko kwenye mshtuko, wiki 3 anaanza kuelewa ratiba ya nyumba, miezi 3 ndo anaanza kuamini kwamba hapa ni kwake. Siyo sheria, wengine wanakwenda haraka na wengine mwaka mzima, ila inasaidia kukutuliza, maana mbwa unayemwona siku ya tatu siyo mbwa utakayeishi naye. Wetu, ukitoa ile fujo ya pazia, siku tatu za kwanza alikuwa mpole kupita kiasi, tukawa tunajisifu. Kumbe haukuwa upole, alikuwa ameogopa.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye maneno machache. Tukamweleza ya pazia. Akauliza, "Paka yuko wapi sasa hivi?" Juu ya kabati. "Amekula?" Hapana. "Tangu lini?" Hapo nikaanza kuhesabu vidole nikaona aibu. Akaniambia kitu sikuwahi kukisikia maishani, kwamba paka siyo mbwa, mbwa anaweza kukaa siku hajala ukamwacha, ila paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene (na Shangazi, tuseme ukweli, ni mnene), mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini, ini linajaa mafuta linashindwa kufanya kazi na anaweza kufa kwa hilo hilo. Yaani muda wote nilikuwa nampeleka mbwa huku na huku nikidhani mgonjwa ni yeye, na mwenye hatari ya kufa ni yule aliyekaa kimya juu ya kabati.

Tangu siku ile nilibadilika. Kila anayeniuliza sasa hivi kuhusu kuchukua mbwa wa kuokoa wakati ana mnyama nyumbani, ananiuliza kuhusu mbwa: atakula nini, atalala wapi, atabweka? Mi namuuliza kuhusu paka wake. Mbwa amehama kutoka pabaya kuja pazuri, hata kama bado hajui. Paka ndo kaharibiwa maisha bila kosa lolote.

Tukaanza upya, safari hii kama watu wenye akili. Mgeni akapewa chumba cha wageni (ndio, najua) mlango umefungwa, na akakaa humo wiki mbili bila kumwona paka kabisa. Wiki mbili hizi zilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni afya, maana mbwa wa kituoni unaweza kumleta anaonekana mzima kumbe ameshabeba kitu, parvo kwa mfano, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, inachukua siku kadhaa, pengine wiki na zaidi, kabla haijaonyesha dalili, na kirusi chake kinaweza kukaa kwenye udongo miezi, afu aina zake za siku hizi zinaweza kumpata hata paka. Choa nacho, kinaruka kwa mbwa, kwa paka, kwa watoto, hakichagui. Minyoo ndo usiseme. Kwa hiyo chanjo zote mbili mbwa na paka zikakaguliwa, dawa za minyoo zikatolewa, na mtu akitoka chumba cha Mgeni ananawa mikono. Hiyo ilikuwa rahisi.

Kazi ya pili ilikuwa harufu, na hii ndo niliyoipenda. Paka ana tezi za harufu mashavuni, ndo maana anakusugua sugua, anakuwekea mhuri wake. Daktari akaniambia chukua taulo kuukuu, msugue paka taratibu mashavuni, halafu lile taulo kaliweke chini ya bakuli la mbwa. Na lingine msugue nalo mbwa, uliweke karibu na bakuli la paka, siyo chini yake, karibu, ukiona anakataa kula lisogeze mbali. Mgeni alilinusa lile taulo kama mtu anayesoma mkataba, upande huu, upande ule, akarudi mwanzo. Pua yake ina seli za kunusa zaidi ya milioni 200, sisi tunazo kama milioni 5 hivi, kwa hiyo sijui alisoma nini humo ila alisoma kila kitu. Shangazi yeye alilitazama taulo la mbwa kwa mbali, akafoka, akaondoka. Siku ya pili akafoka. Siku ya tano akapita pembeni yake akajifanya hajaliona. Siku ya nane nikamkuta kalikalia. Hakuwa kalala, alikuwa kalikalia tu kakunja mikono kama kawaida yake, nikapiga picha nikamtumia mume wangu kazini, akajibu "mungu wangu".

Katikati ya hapo ndo karibu nimuue paka.

Mgeni alikuja na viroboto. Nikanunua dawa ya matone, ile unamminia mbwa kati ya mabega, muuzaji kanipa, maelezo kwenye pakiti ni herufi za mchwa, nikamminia mbwa nikaona vimebaki viboksi viwili, nikasema hiki kidogo nimwekee na Shangazi maana na yeye nilimwona anajikuna. Nilikuwa nimeshamshika, nimeshafungua manyoya, binti yangu mkubwa ambaye ana tabia ya kusoma kila kitu mpaka nyuma ya sabuni akaniambia, "Mama subiri, hapa kuna picha ya paka imepigwa mstari." Ndani ya ile dawa kulikuwa na permethrin, kemikali ya kuua wadudu. Kwa mbwa ni sawa kabisa. Kwa paka ni sumu, ini lake halina uwezo wa kuivunja kama la mbwa, ndani ya saa chache anaanza kutetemeka, misuli inaruka ruka, degedege, kifo. Na siyo lazima umpake wewe, paka akilala na mbwa aliyepakwa leo au akamlamba mgongoni inatosha, kwa hiyo mkiitumia mnawatenganisha mpaka ikauke kabisa, au mnaachana nayo mnatafuta dawa nyingine, na sisi tuliachana nayo. Ikitokea bahati mbaya ikamgusa paka, anaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo huku mtu mwingine anapiga simu kwa daktari, msisubiri aanze kutetemeka. Nilikaa sakafuni na ile pakiti mkononi muda mrefu. Shangazi mwenyewe alishaondoka zake, kakasirika kwamba nimemvuruga manyoya.

Wiki ya tatu tukahamia kwenye mlango. Mbwa anakula upande huu, paka upande ule, mlango umefungwa kati yao, mabakuli yakianza mbali na kila siku yanasogea kidogo, unene wa kiganja hivi. Ukisogeza mmoja wao akagoma kula, umeharakisha, unarudi nyuma. Kuna Mrusi anaitwa Ivan Pavlov alipata Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake ya usagaji wa chakula, na ni huyo huyo aliyegundua kwamba mbwa wake wanadondosha mate hata kabla chakula hakijafika mdomoni, kwa kile tu kinachotangulia chakula. Mlangoni kwetu ilikuwa hiyo hiyo, tunataka harufu ya paka iwe ndo kengele ya chakula, na harufu ya mbwa vilevile kwa Shangazi, ingawa Shangazi ni mwanafunzi mgumu. Binadamu na paka wana historia ndefu, kuna kaburi kisiwa cha Cyprus la miaka kama 9,500 mtu kazikwa na paka pembeni yake, na kwa miaka yote hiyo hawajawahi kukubali kupangiwa.

Halafu Shangazi akakojoa kitandani kwetu. Upande wa mume wangu. Mara mbili.

Baba watoto alivyogundua alitoka na shuka mkononi akasema lile neno ambalo nilijua litakuja: "Mrudishe." Alimaanisha mbwa. Sitaki kujifanya nilimjibu kishujaa, nilikaa jikoni nikafikiria kweli. Na hapa nina maoni yangu ambayo wengine hawatapenda, kumrudisha mbwa siyo dhambi. Kama mbwa anaganda kila akiona paka na wiki zinapita hageuki, kama paka hali, kama unaishi na milango miwili imefungwa na moyo unakudunda kila mtoto akishika kitasa, basi kumrudisha mahali ambapo anaweza kupelekwa nyumba isiyo na paka ni upendo pia, na wale wanaokuita katili waje walale hapo kwako wiki moja. Mi nilikuwa na sababu moja tu ya kumbakisha: Mgeni akiitwa alikuwa anageuka. Hata siku ya pazia, chini ya meza, nilivyomwita aligeuka.

Tukampeleka Shangazi akapimwa, maana paka akianza kukojoa ovyo usianze na tabia, anza na kibofu, stresi inaweza kuwaumiza kibofu kweli kweli, na kama ni dume anajikamua na mkojo hautoki hiyo ni ya kukimbia hospitali saa hiyo hiyo usiku usiku. Yeye hakuwa na ugonjwa. Ila daktari aliuliza boksi lake la mchanga liko wapi, na mi nikagundua, aibu tupu, kwamba ili afike kwenye boksi lake lazima apite mbele ya mlango wa Mgeni. Yaani tulimwekea mbwa kwenye njia ya chooni. We ungefanyaje? Tukaongeza boksi la pili chumbani, tukapanga rafu tatu ukutani kuanzia dirishani mpaka juu ya kabati ili atembee sebule na chumba bila kukanyaga chini, bakuli lake likapanda juu ya meza. Kitandani hakukojoa tena. Ilichukua siku mbili tatu za kazi za mume wangu na drili, na matusi kiasi.

Bakuli kupanda juu kulikuwa na sababu nyingine pia. Chakula cha paka kina protini na mafuta mengi kuliko cha mbwa, kwa mbwa ni kama sherehe kila siku, na Mgeni akipata upenyo wa sekunde kumi bakuli lilikuwa linang'aa. Na boksi la mchanga, samahani kwa mnaokula, nalo aliliona ni bafe. Kwa hiyo boksi nalo likahamia mahali ambapo paka anapenya na mbwa hapenyi. Kinyume chake haina raha hiyo, paka akila cha mbwa mara moja hafi, ila hawezi kuishi nacho, kinakosa taurini, kirutubisho fulani, ya kumtosha na bila hiyo moyo na macho yake vinaharibika.

Tulipofungua mlango hatukufungua mlango, tuliweka kigeti kile cha kuzuia watoto wachanga wasitambae kwenye ngazi. Mgeni kwenye kamba, amechoka kutembezwa, watoto wamekaa kimya (hii ndo iliyokuwa ngumu kuliko zote), na mi nina vipande vya nyama mfukoni. Kila akimwangalia paka halafu akaniangalia mimi, anapata. Kila akiganda, tunasogea nyuma mpaka kuganda kupungue, mpaka asigande. Dakika tano, tunafunga, basi. Kuna jioni Shangazi alishuka rafu ya kwanza, akakaa, akamtazama Mgeni, halafu akafumba macho taratibu akayafumbua. Nilikuwa najua wanatufanyia sisi vile wakiwa wametulia. Sikujua wanafanyia mbwa. Mgeni akalamba midomo, akapiga mwayo, akaangalia ukuta, na mwayo ule siyo usingizi, mbwa akipiga mwayo namna ile mara nyingi ana wasiwasi, kwa hiyo nikafunga kikao wakati mambo bado ni mazuri.

Kulikuwa na kurudi nyuma. Siku moja Mgeni alikuwa na mfupa, kitindamimba akapita karibu, mbwa akanguruma. Mume wangu akataka kumgombeza. Nikamzuia, maana kunguruma ni mbwa kuongea, anasema usisogee, ukimwadhibu kwa kusema hutampata mbwa asiye na hasira, utampata mbwa anayeng'ata bila kusema. Mifupa ikaisha humu ndani, mtoto akafundishwa mbwa akila haguswi, na tukaanza kumpitishia Mgeni kitu kitamu zaidi kila tukipita karibu na bakuli lake mpaka akawa anafurahi kutuona tunakuja.

Sasa ni mwezi wa nane tangu Mgeni aje. Zile klipu za mbwa na paka wamelala wamekumbatiana, sahau, kwetu haipo na nadhani haitakuwepo. Wana ratiba. Kochi asubuhi ni la Shangazi. Kuna mraba wa jua unaingia sakafuni mchana, Mgeni anaulalia, Shangazi anakuja anasimama pembeni yake, hasemi kitu, Mgeni anashusha pumzi ndefu ya mtu mzima, anainuka, anahamia kwenye kivuli. Na siku hizi analala ubavu, miguu imenyooka, tumbo wazi. Mwezi wa kwanza wote alikuwa analala kajiviringisha na jicho moja wazi.

Wiki iliyopita alilala usiku mmoja kwa daktari, ana jino lilivunjika zamani ikabidi ling'olewe. Nikamrudisha jioni bado analewa dawa, ananuka hospitali. Shangazi alikuwa kwenye kochi. Akanyanyua pua, mkia ukafumka kama brashi, akafoka kama siku ya kwanza, kana kwamba hajawahi kumwona huyu mbwa maishani mwake. Watoto wakaniangalia mimi. Mgeni alisimama hapo mlangoni kama sekunde mbili. Halafu akageuka mwenyewe, bila kuitwa, akatembea anayumba mpaka chumba cha wageni, akaingia, akalala nyuma ya kigeti ambacho kipo wazi tangu mwezi wa nne, kichwa kakiweka sakafuni ananiangalia.

Nikaenda kutafuta taulo.